Protini ya Binadamu, Binadamu Yupi? Historia ya Istilahi Moja ya Maabara

Utangulizi

Kazi zinazofika katika meza ya istilahi hazilingani, na si mara zote iliyo ndogo kwa kurasa huwa nyepesi kwa maana. Mwaka jana tuliletewa karatasi ya maelezo ya kurasa nne, pamoja na maneno ya kibandiko cha kichupa kimoja cha maabara, ili tuvitie katika Kiswahili kwa mafunzo ya wasaidizi wa maabara na kwa mazungumzo na wanakijiji. Kichupa hicho kilikuwa cha apolipoprotini L1, ambayo ni mojawapo ya protini zinazoandamana na mafuta katika damu ya mtu. Kibandiko kilieleza mambo matatu: kwamba protini hiyo ni ya binadamu, kwamba imetengenezwa kwa njia ya rekombinanti, na kwamba ni ya utafiti wa maabara peke yake. Sisi tukaandika hivi: "Protini ya binadamu iliyounganishwa upya, kwa ajili ya utafiti." Tukaona kazi imekwisha.

Kabla ya kuipitisha rasimu hiyo, tuliisoma mbele ya wasikilizaji huko Mchombe, katika bonde la Kilombero, upande wa kwenda Mlimba. Watu wa bonde hilo si wageni wa mambo ya utafiti. Rudolf Geigy, mtaalamu kutoka Basel, Uswisi, alifika Ifakara kwa mara ya kwanza mwaka 1949. Katika miaka ya 1950 ikajengwa hapo maabara ndogo ya Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, na kutokana na chimbuko hilo imekua ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Wako wazee katika bonde hilo ambao wamekwisha kutoa damu kwa vipimo vya utafiti tangu utoto wao. Kwa hiyo tulitumaini kupata wasikilizaji wenye kuelewa, nasi tuliwapata.

Tulipomaliza kusoma, mzee mmoja alinyanyua mkono akasema, "Wanangu, mmesema ni protini ya binadamu. Binadamu yupi? Naye aliulizwa akakubali?" Hakuna aliyecheka. Jibu la swali hilo tulilijua, lakini halikuwamo katika maneno tuliyokuwa tumeyaandika. Hapo ndipo tulipotambua kwamba tafsiri yetu ilikuwa na kasoro, tena si kasoro ya sarufi.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali la mzee yule kwa ukamilifu. Ili kufanya hivyo, hatuna budi kwanza kueleza historia ya kitu chenyewe, kwa sababu istilahi isiyojua historia ya kitu chake ni kama cheti cha kuzaliwa kisicho na jina la wazazi. Hoja yetu ni kwamba, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, wataalamu wamekuwa wakipunguza hatua kwa hatua kile wanachokichukua mwilini mwa mtu ili wapate kujua jambo moja tu, yaani kwa nini damu ya mtu huua baadhi ya vimelea vya malale na kushindwa na vingine. Njia ya rekombinanti ni hatua ya mwisho katika safari hiyo. Lugha yetu inapaswa kuionyesha hatua hiyo, wala isiifiche.

Malale na vimelea vyake

Jina malale limetokana na kitenzi kulala. Waliolitoa hawakuwa na hadubini. Waliona dalili iliyo kubwa kuliko zote, yaani mgonjwa kusinzia mchana na kukosa usingizi usiku, wakauita ugonjwa kwa dalili hiyo. Ndivyo pia ilivyo kwa homa ya papasi, ambayo ilichunguzwa sana katika maabara ya Ifakara: huo umeitwa kwa jina la mdudu anayeueneza. Istilahi za namna hii zina nguvu, kwani anayezisikia huanza kuelewa kabla ya kufafanuliwa.

Jina la kimelea cha malale lilitoka kwingine. Neno tripanosoma lilitungwa mwaka 1843 kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja likiwa na maana ya keke ya kutobolea na la pili mwili. Mtunzi wake alikuwa amemwona mdudu wa namna hiyo katika damu ya chura, akijizungusha kama keke ya seremala. Karibu miaka sitini ilipita kabla ya mdudu wa jamii hiyo kuonekana katika damu ya mtu. Wakati huo, mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalikuwa yakiteketeza watu kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa Uganda, ambako inakadiriwa kwamba waliokufa walizidi 200,000.

Vimelea vya kundi la Trypanosoma brucei ni vya aina tatu. Ya kwanza, brucei yenyewe, huwapata ng'ombe na wanyama wengine lakini haimdhuru mtu. Ya pili, gambiense, ndiyo inayoleta malale ya polepole ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Ya tatu, rhodesiense, ilitambuliwa mwaka 1910 kutokana na mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, nayo ndiyo inayoleta malale makali ya Afrika ya Mashariki. Zote huenezwa na mbung'o, ambaye katika sehemu nyingi huitwa pia ndorobo. Zote tatu, zikitazamwa kwa hadubini, hufanana kabisa. Hapo ndipo fumbo lilipoanzia: mtaalamu aliyepata kimelea katika damu ya pongo au ya ng'ombe hakuweza kujua kwa kukitazama tu kama kimelea hicho kinaweza kumwambukiza mtu.

Mwanzo wa fumbo ulikuwa mwaka 1902. Mwaka huo Mfaransa Alphonse Laveran, ambaye hapo awali alikuwa amegundua kimelea cha malaria, alieleza kwamba seramu ya damu ya mtu, ikidungwa katika panya wenye tripanosoma wa nagana, huwaua vimelea hao. Seramu za wanyama wengi wengine hazikufanya hivyo. Basi damu ya mtu ilikuwa na kitu ambacho damu ya ng'ombe haina, na kitu hicho hakikuwa na jina.

Mwili wa mtu kama kipimo

Kwa kuwa kitu chenyewe hakikujulikana, njia pekee iliyobaki ya kujua kama kimelea ni cha mtu ilikuwa kumwambukiza mtu. Jambo hili lilifanyika hapa kwetu. Mwaka 1934, huko Tinde katika Shinyanga, lilianzishwa jaribio ambalo vitabu vya tiba vimelihifadhi kwa jina la mahali hapo. Kimelea cha rhodesiense kilichotoka kwa mgonjwa kilipitishwa kwa mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo, mwaka baada ya mwaka, na mara kwa mara mbung'o hao waliachiwa wawaume watu wa kujitolea, ili ijulikane kama kimelea kimepoteza uwezo wake kwa kukaa nje ya mwili wa mtu. Taarifa iliyotolewa mwaka 1955 ilihusu miaka 18 ya kazi hiyo, nayo ilionyesha kwamba kimelea kilikuwa bado na uwezo wa kumwambukiza mtu.

Mwaka 1958 wataalamu waliokuwa Kenya walitangaza kwamba wamepata rhodesiense katika mwili wa pongo. Walijuaje? Walimdunga mtu aliyejitolea, naye akaugua. Hivyo ndivyo ilivyothibitishwa kwa mara ya kwanza kwamba mnyama wa porini huhifadhi malale ya mtu.

Tunaomba msomaji alitafakari neno mjitoleaji katika habari hizi. Kwa sarufi yetu, neno hili linabeba ndani yake kitenzi kujitoa, na anayejitoa huwa ameamua mwenyewe. Lakini mambo hayo yalitendeka chini ya utawala wa kikoloni, ambapo malale yalikuwa pia sababu ya serikali kuwahamisha wananchi kutoka vijiji vyao na kuwakusanya katika makazi mapya, na ambapo watu walipangwa mstari, shingo zikapapaswa na vidole vikatobolewa, kwa amri. Mahali ambapo amri na hiari vimekaa karibu hivyo, mfasiri hana budi awe mwangalifu sana na neno lolote linalohusu mtu kutoa kitu chake.

Kutoka mwili hadi neli

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1970. Katika Shirika la Utafiti wa Malale la Afrika Mashariki, lililokuwa Tororo, Uganda, L. R. Rickman na J. Robson walibuni kipimo kipya. Kimelea kinachochunguzwa kilichanganywa na damu ya mtu ndani ya neli ya kioo, mchanganyiko ukawekwa katika joto la mwili kwa muda, kisha ukadungwa katika panya. Panya akipata ugonjwa, ilikuwa ishara kwamba kimelea kimeihimili damu ya mtu, na kwa hiyo huenda kinaweza kumwambukiza mtu. Panya asipougua, ilifahamika kwamba damu imekiua. Kipimo hicho kilitumiwa mara moja na Geigy na wenzake, miongoni mwao wataalamu wa Tororo, katika kuchunguza wanyamapori wa eneo la Serengeti na Musoma.

Maana ya kipimo hicho kwa historia yetu ni kubwa. Kuanzia hapo mtu hakuhitajiwa tena kuugua ili jambo lijulikane. Ilitosha atoe damu kidogo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kujua ni kitu gani ndani ya damu kinachoua. Mwaka 1978 Mary Rifkin wa Marekani alionyesha kwamba uwezo huo umo katika lipoprotini zenye densiti kubwa. Lipoprotini ni chembe ndogo sana zinazosafirisha mafuta katika damu. Kwa nje zimezungukwa na protini, kwa ndani zimebeba mafuta pamoja na lehemu. Madaktari wetu huziita zile zenye densiti kubwa kwa jina la lehemu nzuri wanapozungumza na wagonjwa wa moyo, na jina hilo linafaa hospitalini. Katika maabara halifai, kwa sababu kinachoua tripanosoma si lehemu yenyewe. Ni protini iliyopanda chembe hiyo kama abiria.

Protini inayokaa katika lipoprotini, ikitajwa peke yake bila mafuta yake, huitwa apolipoprotini. Ziko nyingi, nazo zimepangwa kwa herufi: A, B, C, E na nyinginezo. Ile iliyopewa herufi L ilitambuliwa katika damu ya mtu mwaka 1997, na wakati huo haikujulikana kazi yake. Mwaka 2003 kikundi cha Etienne Pays, katika Chuo Kikuu Huria cha Brussels, kilitangaza kwamba apolipoprotini L1 ndiyo kile kitu ambacho Laveran alikiona akashindwa kukitaja. Miaka 101 ilikuwa imepita.

Namna protini hiyo inavyofanya kazi inaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila taabu. Tripanosoma humeza lipoprotini kwa kuwa anazihitaji kama chakula. Apolipoprotini L1 huingia pamoja na chakula hicho hadi katika lisosomu, ambayo ni kama tumbo la kimelea. Asidi ya humo huifanya protini ijichomeke katika utando wa lisosomu na kutoboa tundu; chumvichumvi na maji vikaingia, tumbo likavimba, kimelea kikafa. Rhodesiense amejikinga kwa kuwa na protini yake mwenyewe, inayotokana na jeni iitwayo SRA, ambayo huikamata apolipoprotini L1 na kuizuia isifanye kazi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kimelea cha ng'ombe na kimelea cha malale ya Afrika ya Mashariki.

Mbegu na jaruba

Ili kuthibitisha kwamba ni protini hii na si nyingine, haikutosha kuichuja kutoka damu ya watu, kwani kila mchujo wa damu hubaki na mabaki ya protini nyingine. Ilihitajika protini iliyo peke yake. Hapa ndipo njia ya rekombinanti ilipoingia.

Njia hiyo ilianza Marekani mwaka 1973, wataalamu walipoweza kukata kipande cha vinasaba kwa vimeng'enya maalumu, kukiunga katika kipete cha vinasaba kiitwacho plasmidi, na kukiingiza katika bakteria. Bakteria hutii maagizo ya jeni aliyopewa bila kujali imetoka wapi, na hutengeneza protini ile ile inayotajwa na jeni hiyo. Mwaka 1978 bakteria walitengeneza insulini ya binadamu, na mwaka 1982 dawa hiyo ikapewa idhini ya kutumiwa Marekani. Kabla ya hapo wagonjwa wa kisukari walitumia insulini iliyotolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Hivyo ikatokea ajabu ya lugha: insulini iitwayo ya binadamu haikupata kutoka katika mwili wa binadamu yeyote.

Apolipoprotini L1 ya kichupa chetu ni ya namna hiyo hiyo. Jeni ya mtu, ambayo maagizo yake yanaweza kusomwa na kunakiliwa mara nyingi bila kumrudia mtu, huwekwa katika bakteria; bakteria hukuzwa, hupasuliwa, na protini husafishwa. Protini hiyo ina amino asidi zilizopangwa kwa mfuatano wa protini ya mtu, lakini hakuna tone la damu lililotolewa ili kuijaza chupa.

Faida yake ilionekana wazi mwaka 2006, ilipochapishwa habari ya mkulima mmoja wa India aliyepatwa na Trypanosoma evansi, kimelea cha wanyama ambacho kwa kawaida hakimpati mtu. Seramu yake haikuweza kukiua. Uchunguzi ulionyesha kwamba jeni zake zote mbili za apolipoprotini L1 zilikuwa na hitilafu, hivyo mwili wake haukuwa na protini hiyo kabisa. Wataalamu walipoongeza katika seramu yake protini iliyotengenezwa na bakteria, uwezo wa kuua ukarudi. Yote hayo yalifanyika ndani ya neli. Ndiyo maana tunasema kwamba katika miaka hii kichupa kimechukua nafasi ya mtu wa Tinde.

Tulipoyaeleza hayo Mchombe kwa maneno ya kawaida, mama mmoja, mkulima wa mpunga kama wengi wa wale waliokuwapo, alisema, "Basi ni kama kupandikiza. Mbegu imetoka kwetu, jaruba ni la mdudu, na mlichovuna ni cha jaruba." Mzee aliyeuliza swali alitikisa kichwa kukubali. Tulikiri mbele yao kwamba mama yule alikuwa ametushinda katika kazi yetu.

Kivuli cha mumiani

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunalifanya jambo hili kuwa zito. Jibu limo katika kamusi zetu. Kamusi ya mwaka 1939, iliyotayarishwa chini ya Frederick Johnson kwa ajili ya Kamati ya Lugha, ina neno mumiani. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kwanza ni dawa nyeusi mithili ya utomvu, iliyotumiwa kwa kuunga mifupa na kuondoa maumivu. Lakini kamusi hiyo hiyo haikuficha kwamba wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya watu iliyogandishwa, na kwamba uvumi wa mumiani ulipoenea watu waliogopa kutoka nje jioni. Katika miaka ya ukoloni uvumi wa namna hiyo uliwaandama wazima moto, madaktari na wachunguzi wa mbung'o sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati.

Ni rahisi kuuita ujinga. Sisi tunaona kwamba uvumi huo ulizaliwa pia na ukosefu wa maelezo. Mtu aliyetobolewa kidole kwa amri, asiambiwe damu yake inakwenda wapi, alijaza mwenyewe pengo la maelezo hayo. Sasa tukiweka mbele ya wajukuu wake chupa iliyoandikwa "protini ya binadamu", bila kusema imetoka wapi, tutakuwa tumeliacha pengo lile lile, tena kwa maandishi yenye muhuri wa taifa. Mtafiti atakayenyimwa ushirikiano hatajua kwamba kilichomwangusha ni tafsiri.

Uchambuzi wa maneno yaliyopendekezwa

Katika vikao vyetu tulipima njia kadhaa, nasi tunazieleza hapa ili wasomaji wazipime pia.

(a) Kuliondoa neno binadamu. Njia hii haifai. Nyani naye ana protini ya jamii hii, na ya kwake huweza kumuua hata rhodesiense, kwa sababu SRA haiwezi kuikamata. Maabara inayolinganisha hizo mbili haina budi ijue ipi ni ya mtu na ipi ni ya nyani. Neno binadamu ni la lazima. Kinachohitaji kurekebishwa ni kihusishi kinachoitangulia.

(b) Protini ya kibinadamu. Neno hili limekwisha kuchukua maana ya utu na huruma, kama katika misaada ya kibinadamu. Litampoteza msomaji.

(c) Protini unganishi. Kiambishi tamati -i katika neno hili kinaonyesha kitu chenye tabia ya kuunganisha, kama kiunganishi katika sarufi. Protini yetu haiunganishi kitu.

(d) Protini iliyounganishwa upya. Hili ndilo lililokuwa kosa letu. Kilichounganishwa upya ni vinasaba, si protini. Anayesoma atadhani protini ilikatwakatwa ikaungwa, tena huenda atadhani ilitoka katika watu mbalimbali.

(e) Protini rekombinanti. Neno la kukopa halina aibu, nalo lina manufaa kwa mtaalamu anayesoma majarida ya nje. Udhaifu wake ni kwamba halimwambii chochote asiyelijua.

(f) Protini ya jeni pandikizi. Kupandikiza ni neno la mkulima na la daktari wa upasuaji pia, na katika matumizi yote mawili linaeleza kitu kutolewa mahali pamoja na kukuzwa mahali pengine. Linaonyesha kwamba kilichohama ni jeni, na kwamba protini ni mavuno.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika maandishi ya wataalamu litumike rekombinanti, na katika maandishi ya watu wote litumike -a jeni pandikizi, hayo mawili yakiwekwa pamoja mara ya kwanza yanapotajwa. Badala ya "ya binadamu" peke yake, tunapendekeza "ya aina ya binadamu", ili neno lieleze umbo la protini bila kudai kwamba ni mali iliyotolewa kwa mtu.

Yapo pia maneno ya mwisho ya kibandiko. "Kwa ajili ya utafiti" yanaweza kueleweka kuwa ni dawa inayojaribiwa kwa watu. Inafaa iandikwe waziwazi: "Ni kwa kazi za maabara tu. Si dawa. Isitumiwe kwa mtu wala mnyama." Hivyo kibandiko kizima kitasomeka: "Apolipoprotini L1 ya aina ya binadamu, rekombinanti (ya jeni pandikizi), imetengenezwa na bakteria. Ni kwa kazi za maabara tu. Si dawa. Isitumiwe kwa mtu wala mnyama." Ni maneno mengi kuliko yale ya awali, lakini kila neno linajibu swali ambalo mtu anaweza kuuliza.

Kazi iliyo mbele

Jambo hili halitaishia katika kichupa kimoja. Mwaka 2010 wataalamu walieleza kwamba baadhi ya watu wenye asili ya Afrika wana vibadala viwili vya jeni hii, vilivyopewa majina G1 na G2, na kwamba mwenye kurithi vibadala hivyo kwa wazazi wote wawili huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa figo. Protini za vibadala hivyo, zilizotengenezwa kwa njia tuliyoieleza, ziliweza kuua rhodesiense katika neli. Mwaka 2017 uchunguzi uliofanyika Uganda na Guinea ulionyesha kwamba katika Uganda kibadala cha G2 kilihusiana na kinga dhidi ya kuambukizwa rhodesiense. Urithi mmoja, basi, unaweza kuwa ngao kwa ugonjwa mmoja na mzigo kwa mwingine.

Karatasi za ridhaa na maelezo ya vipimo vya jambo hili zitahitaji Kiswahili. Mfasiri akiandika "kasoro ya jeni" mahali pa "kibadala cha jeni", atakuwa amempa mtu ugonjwa ambao hana. Akiandika "kinga ya malale" bila kufafanua, huenda mtu akaacha kwenda hospitali anapoumwa. Wagonjwa wa malale ya rhodesiense wanaoripotiwa tangu mwaka 2020 wamekuwa chini ya mia kwa mwaka katika Afrika nzima, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu; lakini ugonjwa huo usipotibiwa bado unaua, tena upesi.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba kitu kilichoonekana na Laveran mwaka 1902 kilitafutwa kwanza kwa mwili wa mtu, kisha kwa damu ya mtu, kisha kwa sehemu ya damu hiyo, na mwisho kwa protini iliyovunwa katika bakteria. Kila hatua ilimpunguzia mtu mzigo. Istilahi inayosema "protini ya binadamu" na kuishia hapo inaturudisha nyuma hatua zote hizo, na kumfanya msikilizaji ahofu jambo ambalo wataalamu wamekwisha kuliacha.

Rasimu iliyorekebishwa tuliirudisha Mchombe. Mzee yule aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa nimejua hakuna aliyechukuliwa kitu." Kisha akauliza kama bakteria wale huweza kutoroka katika chupa zao, nasi tukakaa tena kumweleza. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watakaoyatumia mapendekezo haya watuletee maoni yao, hasa maswali watakayoulizwa na wasikilizaji wao.